Minyoo Imekufa, Figo Je?

Hotuba ya Siku ya Figo Duniani kwa wanafunzi wa fani za afya, walimu wa shule na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, waganga na wauguzi mliotoka zahanati za mbali, ndugu zangu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma: Mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumzie dawa za chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na figo zilizoharibiwa na kichocho. Nitazizungumzia, tena kwa kirefu. Lakini dawa haitangulii ugonjwa, kwa hiyo mniruhusu nianzie lamboni.

Ipo dhana kwamba kichocho ni ugonjwa wa watu wa Ziwa Victoria na wa pwani, si wa nchi kavu kama hii yetu. Dhana hiyo inatuumiza. Ukame wenyewe unakisaidia kichocho. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikikatika, maji ya kijiji kizima yanabaki kwenye lambo moja. Hapo hapo ng'ombe wananywa, kina mama wanafua, watoto wanaotoka kuchunga wanaogelea, na ndoo ya kupikia inachotwa. Konokono wa jamii ya Bulinus, wanaobeba kichocho cha mkojo, wana uwezo wa kujifukia kwenye tope lambo linapokauka na kukaa humo miezi wakisubiri maji. Mvua ikirudi, nao wanarudi. Ongezeni mabwawa makubwa, Hombolo na Mtera, ongezeni majaruba ya mpunga ya Bahi, mtaona kwamba watu wa Tanzania ya kati wanaingia kwenye maji yaliyotuama mara nyingi kuliko mtu anavyodhani akiitazama nchi yetu kutoka dirisha la basi.

Na kitaifa hatuko pazuri. Kwa idadi ya watu wenye kichocho, Tanzania inatajwa kuwa ya pili barani Afrika, nyuma ya Nigeria.

Mzunguko wa ugonjwa wengi wenu mnaufundisha, sitaurudia wote. Mayai hutoka na mkojo au kinyesi. Yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinavyotoka vinaingia kwa konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono anamwaga vijidudu viitwavyo serkaria ambavyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mwilini vinakua kuwa minyoo. Dume na jike huishi wamekumbatiana ndani ya mishipa ya damu, kwa kawaida kati ya miaka 3 na 10. Wala anayetuumiza zaidi si mnyoo mwenyewe, ni mayai. Karibu nusu ya mayai anayotaga jike hayapati njia ya kutoka. Yanakwama kwenye nyama za mwili, na mwili unayazungushia ulinzi: kwanza uvimbe mdogo, mwishowe kovu.

Mliowahi kushika hadubini siku ya upimaji shuleni mnalijua yai la kichocho cha mkojo, limechongoka na lina mwiba mfupi mwishoni. La kichocho cha tumbo, mwiba wake uko ubavuni. Sampuli ya mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana hizo ndizo saa ambazo mayai hutoka kwa wingi. Mtoto anaambiwa akimbiekimbie kidogo kwanza. Mililita 10 zinasukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio chembamba, kichujio kinalazwa juu ya kioo, na kazi ya kuhesabu inaanza. Nawasifu sana wataalamu wa maabara wanaoifanya kazi hii chini ya mwembe, kwenye dawati la kuazima, upepo wa Dodoma ukiwapeperushia vumbi kwenye lenzi. Wachache wanaijua thamani ya kazi yao.

Sasa tuje kwenye figo. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni 1. Kichocho huzifikia kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa, na naomba mzishike zote mbili, kwa sababu yote nitakayosema kuhusu chembe nano yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Njia ya kwanza inatoka chini kwenda juu. Mayai ya kichocho cha mkojo yanakwama kwenye kuta za kibofu na kwenye ureta, yaani mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Kovu linaukaza mrija, mkojo unashindwa kushuka, unarudi nyuma, na figo inavimba polepole kwa shinikizo la mkojo wake yenyewe. Mgonjwa anaweza asisikie lolote kwa miaka. Siku anapofika kwenye ultrasaundi, unakuta figo imepanuka, nyama yake imebaki kama ganda. Kibofu nacho kiko hatarini: tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekiweka kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani.

Njia ya pili inapita kwenye damu, na imechunguzwa zaidi kwenye kichocho cha tumbo. Mnyoo anatapika na kutoa takataka zake ndani ya damu yetu. Mwili unatengeneza kingamwili za kuzikamata. Kingamwili na takataka zinashikana, zinasafiri pamoja, zinafika kwenye vichujio vya figo na kunasa pale kama machicha kwenye chujio la pombe. Kinga ya mwili inawashambulia walionasa, na katika vita hiyo kichujio chenyewe ndicho kinachochanika. Protini zinaanza kuvuja kwenye mkojo, kope zinavimba asubuhi, miguu inajaa, presha inapanda. Juu ya hayo kuna uharibifu wa kikemikali: chembehai zilizo vitani zinazalisha oksijeni ya aina haribifu, na figo, ambayo hupokea karibu humusi moja ya damu yote inayosukumwa na moyo, inaungua kwa ndani.

Dawa tuliyo nayo ni prazikwanteli. Ni dawa nzuri, na nasema hivyo nikimaanisha. Ilipatikana miaka ya 1970, inamezwa, ni ya bei nafuu, na miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito humaliza sehemu kubwa ya minyoo iliyokomaa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha pia aina yake ya watoto wadogo walio chini ya umri wa kwenda shule, kundi lililokuwa limeachwa nyuma muda mrefu mno. Lakini prazikwanteli ina mapungufu ambayo kila mwanafunzi wa famasia anayafahamu. Haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika kwenye damu ya mwili mzima. Haiwagusi sana minyoo wachanga. Na jambo lililonileta hapa leo: kazi yake ni kuua mnyoo, kutengeneza figo si kazi yake. Kwa watoto, vidonda vya kibofu na uvimbe wa figo unaotokana na njia ile ya kwanza mara nyingi hupungua baada ya dawa, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila vichujio vilivyokwisha kushambuliwa kwa njia ya pili, vikishafika hatua fulani, vinaendelea kuharibika hata kama minyoo yote imekufa. Mgonjwa ameponywa kichocho, na bado anaelekea kwenye mashine ya kusafisha damu.

Hapo ndipo chembe nano zinapoingia.

Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele wa mtu ni takriban nanomita 80,000 hadi 100,000. Chembe nano ni kitu chochote kilichotengenezwa kwa ukubwa wa kuanzia nanomita 1 hadi mia na kitu. Zipo za mafuta, za plastiki inayoyeyuka mwilini, za dhahabu, za fedha, za madini ya selenia. Kwenye ukubwa huo, maada hubadilika tabia, na mwili nao huipokea tofauti. Kwa figo jambo hili lina uzito wa pekee. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi inapita kwenye kichujio na kutoka na mkojo. Iliyo kubwa zaidi inabaki kwenye damu, na mara nyingi inaishia kwenye ini na bandama. Kwenye panya imeonekana kwamba chembe za dhahabu zenye nanomita kama 75 hujikusanya katikati ya kichujio cha figo, mahali pale pale ambapo vita niliyoieleza inapiganwa. Maana yake ni kwamba kwa kuchagua ukubwa tu, mtaalamu anaanza kuchagua anwani ya dawa.

Na msidhani hizi ni ndoto. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilisafirishwa mwilini ndani ya chembe nano za mafuta. Mfano ninaoupenda zaidi unahusu figo moja kwa moja. Amfoterisini B ni dawa kali ya fangasi, na kwa miongo mingi madaktari walikuwa wakiitoa huku wakiziogopea figo za mgonjwa, kwa kuwa inazichoma. Dawa ile ile ikifungwa ndani ya liposomu, yaani kifuko cha mafuta cha ukubwa wa nano, madhara yake kwa figo yanapungua sana. Utafiti mkubwa uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya aina hiyo, ikiambatana na vidonge vingine, inatosha kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Utafiti uliofanyika Afrika, kwa wagonjwa wa Kiafrika, ukabadilisha tiba duniani. Nataka wanafunzi wangu walikumbuke hilo wanapoambiwa nano ni ya wakubwa.

Kwa upande wa kichocho, kazi inakwenda kwa mikondo miwili. Wa kwanza unaiboresha prazikwanteli yenyewe. Watafiti wa Brazil wameifunga kwenye liposomu. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Alexandria, Misri, wameiweka kwenye vifuko vya mafuta vinavyomezwa, wakilenga ngozi ya mnyoo. Dawa ikifika vizuri zaidi kwa mnyoo, dozi inaweza kupungua na minyoo inayobaki inaweza kuwa michache. Mkondo wa pili unashughulika na kiungo kilichoumia. Watafiti wa Saudi Arabia na Misri wamewapa chembe za dhahabu, na wengine za selenia, panya walioambukizwa kichocho cha tumbo. Wamepima ini, bandama, ubongo na figo, wakakuta dalili za kuungua kikemikali zimepungua na akiba ya mwili ya kujikinga na oksijeni haribifu imepanda. Mimi mkondo huu wa pili ndio unaonivuta, kwa sababu unauliza swali lililosahauliwa: baada ya mnyoo kufa, nani anaitengeneza nyumba aliyoibomoa?

Lakini panya si Mgogo wa Bahi. Panya wa maabara huambukizwa kwa siku inayojulikana na kutibiwa baada ya wiki kadhaa. Mtu wetu ameingia lamboni tangu ana miaka mitano, na anakuja kliniki akiwa na thelathini. Kovu la miaka 25 halijawahi kuwepo kwenye kizimba cha panya. Tena panya hao wana kichocho cha tumbo, wakati huku kwetu mkojo wa damu ndio watu wanaoufahamu zaidi. Minyoo ya kichocho cha mkojo haistawi vizuri kwa panya wa kawaida, ndiyo maana maabara nyingi hutumia hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya, na ndiyo maana pia tafiti zake ni chache. Na kumbukeni njia zile mbili. Ureta iliyokazwa na kovu haitafunguliwa na chembe ya dhahabu hata iwe ndogo namna gani. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa wa njia ya mkojo. Chembe nano zina tumaini kwenye njia ya pili, kwenye kichujio kinachoungua, na hata huko zinafaa kabla kichujio hakijawa kovu tupu.

Mpaka leo hakuna dawa ya chembe nano iliyoidhinishwa kwa figo za binadamu zilizoharibiwa na kichocho. Naomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliandike hilo na kulipeleka vijijini, maana wauzaji hawachelewi. Mtu akiwaletea chupa ya maji ya fedha au ya dhahabu akidai ni tiba ya figo, msinunue, na mtoe taarifa. Fedha ikijikusanya mwilini inaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu cha buluu, na rangi hiyo haitoki. Dhahabu haivunjwi na mwili. Inaweza kukaa kwenye ini na bandama muda mrefu. Selenia mwili unaihitaji, ila kati ya kiasi kinachofaa na kiasi cha sumu nafasi ni ndogo. Haya yote lazima yapimwe kwa makini, hasa kwa mtoto anayekua na kwa mama mjamzito.

Tusiisahau na Misri. Kwa miongo kadhaa, kabla ya dawa za kumeza, Wamisri walitibiwa kichocho kwa kampeni kubwa za sindano za chumvi ya antimoni. Nia ilikuwa njema, wagonjwa walikuwa wengi, na sindano zilirudiwa mtu hadi mtu bila kusafishwa ipasavyo. Kampeni ile ikasambaza homa ya ini aina ya C kwa kiwango ambacho taifa lile limelihangaikia miaka mingi baadaye. Ninapofikiria tiba mpya ya kichocho huwa nauliza inaingiaje mwilini, nani anaitoa, na kwa vifaa gani. Chembe nano inayohitaji dripu na jokofu haitafika Mtera. Inayomezwa baada ya uji wa shule itafika.

Sasa tufanye nini sisi tulioko hapa? Mimi nina hoja moja, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu. Dawa hizi zikija, zitaifaa figo iliyogunduliwa mapema, na kwa sasa sisi figo hizo hatuzijui. Siku ya kugawa dawa shuleni tunapima urefu wa mtoto kwa kijiti kirefu, tunampa vidonge vyake, tunaandika, tunaondoka. Tumehesabu vidonge vilivyomezwa. Hatujahesabu watoto wanaovuja protini.

Kijiti cha mkojo ni kipande cha plastiki chenye vibandiko vya rangi. Unakichovya, unasubiri dakika moja, unakilinganisha na rangi za kwenye kopo. Kinaonyesha damu, kinaonyesha protini. Muuguzi wa zahanati anakiweza, na mwalimu wa afya akifundishwa anakiweza. Tatizo lake kwenye kichocho cha mkojo nalisema wazi, maana nimeona vijana wakilikosea: mtoto mwenye kidonda kwenye kibofu atatoa protini pamoja na damu, na hiyo haina maana kwamba vichujio vyake vimeharibika. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Mpe prazikwanteli, mwite tena baada ya wiki kadhaa, mpime upya. Damu ikiwa imekwisha na protini imebaki, huyo ndiye wa kumfuatilia. Apimwe presha, apimwe kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, apigwe ultrasaundi, na msiache kumuuliza kuhusu dawa za maumivu na mitishamba, kwa sababu figo ina maadui wengine zaidi ya kichocho.

Mtoto huyo akipatikana leo, kuna mengi ya kumfanyia hata bila nano: presha kudhibitiwa, dawa za kupunguza uvujaji wa protini, kumkinga asiambukizwe tena. Asipopatikana, tutakutana naye akiwa baba wa familia, akisafiri mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu, ameuza ng'ombe, amebakiza shamba. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na ni heshima kubwa kwa kanda hii. Lakini figo ya kupandikiza hutoka kwa ndugu, na ndugu huyo naye pengine aliogelea lambo lile lile.

Wanafunzi wa famasia na kemia, maneno haya ni yenu. Watanzania wameshafanya nano. Mhandisi Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa kichujio chake cha maji kilichotumia teknolojia hiyo. Kama kichujio cha maji kimewezekana, kubebesha prazikwanteli kwenye chembe ya mafuta na kuipima kwa hamsta aliyeambukizwa kichocho chetu, cha mkojo, kunawezekana vilevile. Andikeni mapendekezo ya utafiti. Na msiyaandike peke yenu maabara: mchukueni mtu wa zahanati awaambie dawa yenu itakaa wapi mchana wa Oktoba wakati umeme umekatika.

Walimu wakuu wa shule zilizo karibu na mabwawa, nawaomba mbaki kidogo baada ya chakula. Tunataka kupanga pamoja namna ya kuongeza kijiti cha mkojo kwenye siku ya kugawa dawa, na nani atawarudisha watoto kwa kipimo cha pili, maana hapo ndipo mipango mingi ya namna hii hufia. Kipimo cha kwanza kila mtu anakipenda; picha zinapigwa, wageni wanakuja. Cha pili kinamhitaji mwalimu mmoja mwenye daftari na namba za simu za wazazi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea, na nitaanza na wale wa zahanati, kwa sababu gari lao linaondoka mapema.